Nyumbu, Ngitili na Picha za Angani

Mwaka 1958 Bernhard Grzimek na mwanawe Michael, Wajerumani, walikuwa wakiruka juu ya Serengeti kwa ndege ndogo iliyopakwa milia ya pundamilia. Mipaka ya hifadhi ilikuwa karibu kubadilishwa, na wao walitaka kujua wanyama ni wangapi na huhamia wapi. Walipata nyumbu takriban 99,000. Tarehe 10 Januari 1959 ndege hiyo iligongana na tumbusi, Michael akafa. Amezikwa ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro.

Waliowafuata waliiboresha kazi. Ndege huruka kwa mistari iliyonyooka, chini sana, na mhesabuji hutaja tu wanyama wanaoonekana kati ya fimbo mbili zilizofungwa kwenye nguzo ya bawa. Kundi likiwa kubwa, hupigwa picha, kisha vichwa huhesabiwa mezani kimoja kimoja. Kwa njia hiyo ilionekana kwamba kufikia mwishoni mwa miaka ya 1970 nyumbu walikuwa wamefika takriban milioni 1.3. Sababu kubwa haikuwa porini. Ng'ombe wa wafugaji wanaoizunguka hifadhi walichanjwa dhidi ya sotoka, ugonjwa ukakoma pia kwa nyumbu. Mchango huo wa wafugaji hautajwi inavyostahili.

Huku Bukundi, wilayani Meatu, jambo la kutazamwa kutoka juu ni ngitili, malisho ambayo Wasukuma huyafunga masika ili mifugo ipate majani kiangazi. Ukataji wa misitu, uliofanywa pia kuwafukuza mbung'o, na baadaye uhamisho wa watu vijijini, viliyadhoofisha mno. Mwaka 1986 serikali ilianzisha HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, wakati Meatu ingali sehemu ya mkoa wa Shinyanga; mkoa wa Simiyu ulizaliwa mwaka 2012. Maelfu ya hekta za ngitili zikarudi, zikilindwa kwa sheria za dagashida, baraza la jadi.

Setilaiti ya kwanza ya Landsat ilirushwa Julai 1972, lakini nukta moja ya picha zake ilikuwa na upana wa mita 80 hivi, na ngitili ndogo ya familia ilimezwa humo. Tangu 1982 nukta imekuwa ya mita 30. Katika picha za mwanga usioonekana kwa macho, majani mabichi hutokea mekundu, hivyo ngitili iliyotunzwa huonekana wazi katikati ya ardhi kavu ya Septemba. Kisichoonekana ni nani aliyeifunga, na mgogoro gani uliamuliwa kabla ya mti wa kwanza kuachwa ukue.

Kwa upande wa nyumbu, mwaka 2025 watafiti waliotumia picha za setilaiti na akili mnemba walitangaza nyumbu wasiofika 600,000, chini ya nusu ya idadi iliyozoeleka. Nyumbu mmoja ni nukta chache tu katika picha hizo, na aliye chini ya mti haonekani. Mimi sioni sababu ya kuitupa ndege bado. Njia zote mbili zitumike msimu mmoja, eneo moja.

Picha zote za Landsat ni bure tangu 2008. Walimu wa sekondari za Meatu, zipakueni, mkae na wazee wa Bukundi, mwandike jina la kila ngitili na la mwenyewe, wangali hai wale waliozifunga kuanzia mwaka 1986.