Chavua Isiyo na Jina Mtaani
Mvua za masika zikiisha, nawasikia watu wa Kawangware wakipiga chafya na kusema, "ni homa tu", au "ni vumbi". Huenda, lakini nyasi nazo huwa zimechanua.

Mnamo 1873 Charles Blackley, daktari wa Manchester, Uingereza, alichapisha utafiti wake wa kunasa chavua kwa vioo vilivyopakwa kitu cha kunata, vingine akavipandisha angani kwa tiara. Chavua ya nyasi ndiyo iliyokuwa ikimtesa yeye mwenyewe. Sisi Nairobi tunaulaumu mjakaranda, ilhali chavua yake hubebwa na nyuki, si upepo!

Maneno "chavua" na "mzio" tunayo kamusini. Mtaani bado ni "homa", na mtu wa mzio hununua antibiotiki zisizomfaa, msimu baada ya msimu.