Historia ya deki ya CD, sehemu ya 4: ule mkono wa Philips

Tuendelee wadau. Sony walitangulia sokoni na CDP-101, Japani, Oktoba 1982. Philips wakafuata na CD100, na humo leza imekaa kwenye mkono unaozunguka kama wa santuri. Hauna reli wala gia za kusagika. Miaka ya 90 wakauacha, CDM12 ikaja na reli. Mi naona ni bei tu, sio sauti.

Ndo maana anayejiundia deki ya kusoma CD tu, namba zikageuzwe sauti kwenye mashine nyingine, bado anasaka deki mbovu za miaka ya 80. Boksi atachonga, pawa saplai ataunda upya, kapasita atabadilisha. Leza ikifa, anatafuta maiti nyingine.