Bangi fupi yenye harufu ya limau: Kwa nini hustahimili baridi, na sheria inasemaje Burundi na Rwanda?

Mbegu za bangi fupi, inayonukia limau na kustahimili baridi, hutangazwa kwenye intaneti kwa majina ya matunda. Tangazo hilo humfikia kijana wa Mutanga Nord, mtaa wa tarafa ya Ntahangwa jijini Bujumbura, kama linavyomfikia kijana wa Ulaya. Kuna mambo mawili ambayo halimwambii. Kwanza, harufu ya limau si kipimo cha ukali wa mmea. Pili, mmea ambao Rwanda huutolea leseni kwa matumizi ya tiba ni kosa la jinai nchini Burundi.

Huu ni mmea gani?

Bangi, ambayo kwa Kirundi huitwa urumogi, ilipewa jina la kisayansi Cannabis sativa na Carl Linnaeus mwaka 1753. Mwaka 1785 Mfaransa Jean-Baptiste Lamarck alieleza aina nyingine kutoka India, fupi na yenye matawi mengi, akaiita Cannabis indica. Mwaka 1924 mtaalamu wa mimea wa Urusi, Janischewsky, akaeleza ya tatu, ruderalis, mmea mdogo unaojiotea wenyewe katika nchi zenye baridi. Hadi leo wataalamu hawajaafikiana kama hizo ni spishi tatu au ni sura tatu za spishi moja.

Jina la Kiswahili lina asili ya India. Neno hilo lilifika pwani ya Afrika Mashariki kwa njia ya biashara ya Bahari ya Hindi, kisha likaenea hadi bara.

Ufupi wake unatokana na nini?

Kwa kawaida bangi huchanua pale usiku unaporefuka. Katika nchi za kaskazini mwa dunia, mchana wa kiangazi ni mrefu mno, na usiku unapoanza kurefuka baridi kali huwa imekaribia. Mmea unaosubiri dalili hiyo huweza kufa kabla ya kukomaa.

Ruderalis haisubiri. Huchanua kwa kufuata umri wake, majuma machache tu baada ya kuota, bila kujali urefu wa mchana. Wazalishaji wa mbegu waliichanganya na aina nyingine, wakapata machotara mafupi yanayokomaa upesi. Nchini Finland, kwa mfano, kuna aina fupi iitwayo Finola, ambayo hulimwa kwa ajili ya mafuta ya mbegu zake na si kwa kulevya.

Sifa hiyo haina faida kubwa karibu na ikweta. Bujumbura iko kwenye nyuzi 3 hivi kusini mwa ikweta, na tofauti kati ya mchana mrefu kuliko yote na ule mfupi kuliko yote katika mwaka haifiki nusu saa. Ndiyo maana bangi za asili za ukanda wa tropiki kwa kawaida ni ndefu na huchukua muda mrefu kuchanua: hazikuwa na majira ya baridi ya kuyakimbia.

Harufu ya limau ina maana gani?

Harufu hiyo hutokana kwa sehemu kubwa na limonini, kemikali ileile inayopatikana kwa wingi katika maganda ya machungwa na malimau. Katika bangi hutengenezwa ndani ya vinyweleo vidogo vyenye utomvu, ambavyo hujaa zaidi kwenye maua ya mmea jike. Mchaichai nao hunukia limau, ila kwa sababu ya kemikali nyingine, sitrali, na haulevyi.

Kinacholevya katika bangi ni THC, ambayo muundo wake ulibainishwa mwaka 1964 na wanasayansi wa Israel, Raphael Mechoulam na Yechiel Gaoni. THC yenyewe karibu haina harufu. Kwa hiyo mimea miwili yenye kunukia sawasawa yaweza kutofautiana sana kwa ukali, na pua haiwezi kuitenganisha. Madhara nayo hayapunguzwi na harufu nzuri: walio katika hatari kubwa zaidi ni vijana ambao ubongo wao bado unakua, wajawazito, na yeyote anayeendesha chombo cha moto.

Baridi hufanya nini?

Sehemu za Bujumbura zilizo kando ya Ziwa Tanganyika ziko chini ya mita 800 kutoka usawa wa bahari, na joto lake ni la kudumu. Mutanga Nord iko juu kidogo, kwenye miteremko, lakini haiwezi kuitwa mahali pa baridi. Baridi ya Burundi iko katika nyanda za juu, kama Teza na Rwegura, ambako chai hustawi.

Baridi ya wastani hupunguza kasi ya mafuta yenye harufu kuyeyukia hewani, na huweza kuyapa majani rangi ya zambarau. Lakini baridi ikiambatana na unyevu huleta kuvu wa kijivu, Botrytis cinerea, anayeozesha maua kuanzia ndani. Mimea mifupi yenye maua yaliyoshonana huathirika kwa urahisi, kwa kuwa hewa haipiti vizuri katikati yake.

Sheria inasemaje?

Lesotho, nchi ya milima na baridi, ilikuwa ya kwanza barani Afrika kutoa leseni ya kilimo cha bangi ya tiba, mwaka 2017. Baraza la mawaziri la Rwanda liliidhinisha mwongozo wake Oktoba 2020, na amri ya waziri ikafuata Juni 2021. Ruhusa hiyo ni ya tiba na utafiti tu, kwa wenye leseni, chini ya ulinzi mkali. Mradi mmoja umejengwa Musanze, chini ya milima ya volkano, kwenye mita 1,850 hivi. Raia wa kawaida anayelima au kuvuta bangi bado anavunja sheria.

Burundi haijafuata njia hiyo. Sheria ya adhabu iliyorekebishwa Desemba 2017 inaharamisha dawa za kulevya, na ufupi wa mmea hauubadilishi kisheria: mche ulio katika chungu nyuma ya nyumba ni bangi sawa na shamba zima. Kenya na Tanzania nazo zinaendelea kuipiga marufuku.

Desemba 2020 Tume ya Umoja wa Mataifa ya Dawa za Kulevya iliiondoa bangi katika orodha yenye masharti makali zaidi, kwa kura 27 dhidi ya 25. Wengi walidhani kuwa imehalalishwa duniani. Sivyo: bangi bado inadhibitiwa na Mkataba wa 1961, na kila nchi huamua adhabu zake.

Hivyo leseni ya Rwanda haivuki mto Akanyaru. Kwa mgonjwa anayetafuta nafuu ya maumivu au kifafa, mahali pa kuanzia ni kwa daktari, anayejua dawa zilizopimwa na kipimo chake.