Kahawa Yetu Inanywewa na Barafu Japani kwa Jina la Mlima Mwingine

Leo tunaongea kahawa ya barafu, ile ya glasi ndefu ambayo ukiingia kwenye mgahawa wa maana mjini unakuta bei yake inatosha wali nyama na soda juu. Nitakuelekeza jinsi ya kuitengeneza geto kwako kwa hela ndogo, tena kwa njia tatu. Ila kwanza stori, maana kinywaji hiki kina historia ndefu, na kwenye hiyo historia sisi wa Nyanda za Juu Kusini tumo kabisa, ni vile tu hatutajwi.

Tuanzie Japani. Wale jamaa wanakunywa kahawa ya baridi tangu kabla ya Vita Kuu ya Pili, na mwaka 1969 kampuni ya UCC ikaanza kuwauzia kahawa ya maziwa kwenye kopo kama soda. Wanaipenda sana kahawa ya Tanzania. Sasa sikia: kwa kanuni za wafanyabiashara wa kahawa wa kule, arabika yoyote ya Tanzania, ukiondoa ya Bukoba, inaruhusiwa kuitwa "Kilimanjaro". Hata ikichanganywa na kahawa za nchi nyingine, ikifika asilimia 30 tu, mchanganyiko mzima unaitwa Kilimanjaro.

Unaona inapoelekea? Arabika inalimwa Rungwe, Ileje, Mbeya Vijijini, na zaidi Mbozi, ambayo tangu 2016 iko mkoa mpya wa Songwe. Kutoka Mbozi mpaka Moshi ni zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara. Mama wa Mbozi anachuma, anamenya, anaosha, anaanika kwenye vichanja, halafu mzigo ukifika Tokyo unaitwa jina la mlima ambao labda hajawahi kuuona. Wachaga hawana kosa hapo, kahawa yao ni nzuri na jina wamelitolea jasho. Ninachosema ni kwamba kuna watu kwenye hii stori hawana jina, na hao ndio nataka tuwafuate leo.

Waliotafuna kabla ya kunywa

Kabla Mzungu yeyote hajapanda mche wa kahawa nchi hii, Wahaya wa Bukoba walikuwa nayo tayari, aina ya robusta. Hawakuinywa, waliitafuna. Matunda yalichumwa mabichi, yakachemshwa na majani ya kunukia, yakakaushwa, na mgeni akifika anapewa akamwani atafune wakati wa maongezi. Kwa kuwa tunda moja lina punje mbili, kahawa ilitumika hata kwenye undugu wa kuchanjia: kila mmoja anapaka punje damu yake, mwenzake anaila. Kwa hiyo mtu akikwambia kahawa ni mambo ya kizungu, mwambie akaulize Bukoba.

Pwani na Zanzibar kahawa ilikuja na Waarabu. Neno kahawa lenyewe lina asili ya Kiarabu, na buni vilevile. Huko ndiko tulikompata yule mtu ambaye leo yuko kila mji: muuza kahawa, dele lake juu ya jiko la mkaa, vikombe vidogo anavigonganisha mkononi mpaka usikie toka mbali. Pembeni kashata. Kikombe ni hela ndogo tu, na ubishi wa Simba na Yanga unapewa bure. Leo ukipita Mwanjelwa au Miyomboni unamkuta. Watu wote kijiweni wanamwita "kahawa" tu. "We kahawa, lete viwili." Jina lake la kuzaliwa wengi hawalijui.

Walioilima bila kuionja

Arabika ilikuja baadaye. Mapadri wa shirika la Roho Mtakatifu walifungua misheni Bagamoyo mwaka 1868, wakaleta miche kutoka kisiwa cha Réunion, zamani kikiitwa Bourbon. Kutoka pwani kahawa ikapanda mpaka misheni yao ya Kilema, Kilimanjaro. Huku kwetu wamisionari wa Moravian walifika Rungwe mwaka 1891. Kahawa ikaingia kwenye milima yetu kwa mikono ya wamisionari na walowezi, na baadaye wakulima wenyeji wakaifanya ya kwao.

Lakini kuna kitu kimoja hujawahi kujiuliza. Chai nayo ni mgeni. Wajerumani waliijaribu Amani kule Tanga, kisha mwaka 1904 wakaipanda Kyimbila, hapo hapo Rungwe. Iringa nayo ikapata mashamba ya Mufindi, kijani mpaka jicho linachoka. Chai na kahawa zote ni mazao ya milima hii. Mbona kila nyumba asubuhi ni chai, na kahawa imebaki ya kijiweni?

Jibu langu ni hili. Chai inasindikwa jirani na shamba, kwa sababu jani likichumwa haliwezi kusubiri siku mbili. Inarudi dukani ikiwa kwenye pakiti, wewe ni kuchemsha maji tu. Kahawa inaondoka ikiwa buni. Inakobolewa kwenye kiwanda kama kile cha Mbozi, na kwa miaka mingi mnada wake mkuu ulikuwa Moshi, halafu meli. Kuikaanga na kuisaga kunafanyika kwa mnunuzi. Mkulima alichokiona yeye ni hela, tena mara moja kwa mwaka. Kwa babu na bibi zetu kahawa ilikuwa ada ya shule na bati la nyumba. Nani atakunywa ada ya mtoto? Mpaka leo zaidi ya asilimia 90 ya kahawa ya Tanzania inauzwa nje. Ikitokea bei imeanguka huko duniani, mtu wa Mbozi hana jinsi, maana soko la nyumbani ni dogo mno kumbeba.

Ndiyo maana mimi naona hili jambo la kahawa ya barafu si la kupostia tu.

Walioiweka kwenye baridi

Glasi ndefu ya kahawa baridi inasimuliwa kuanzia Afrika, Algeria. Mwaka 1840 Wafaransa walikuwa wanaivamia nchi ile, na kikosi chao kidogo kikazingirwa kwenye ngome ya Mazagran. Inasemekana wanajeshi walikuwa wanatia maji baridi kwenye kahawa nzito yenye sukari. Waliporudi Paris wakataka waandaliwe vilevile, kwenye glasi ndefu, na hadi leo "mazagran" ni jina la kahawa baridi. Jina la mji wa Afrika limebaki kwenye menyu. Waalgeria waliokuwa wanatetea ardhi yao nje ya ukuta ule hawamo kwenye menyu yoyote.

Tofauti na huyu wa pili. Mwaka 1957, kwenye maonyesho ya biashara ya Thessaloniki, Ugiriki, mfanyakazi mmoja wa Nestlé alitaka kahawa yake ya kuyeyuka akakosa maji ya moto. Akachukua chombo cha kutikisia kinywaji cha watoto, akatia kahawa na maji baridi, akatikisa. Povu likajaa. Wagiriki wakaiita frappé na nchi nzima ikahamia huko. Jina lake limeandikwa: Dimitris Vakondios. Mtu mmoja alitikisa kahawa siku moja, dunia ikamkumbuka. Sisi tumelima zaidi ya miaka mia.

Basi hii ndiyo njia ya kwanza, na ndiyo rahisi kuliko zote. Chukua chupa safi yenye mfuniko, ile ya maji ya nusu lita inatosha. Tia vijiko viwili vya chai vya kahawa ya kuyeyuka, Africafé au ya Tanica wa Bukoba, zote za nyumbani. Ongeza sukari vijiko viwili na maji ya baridi vijiko vitatu vya chakula. Funga vizuri, tikisa kwa nguvu nusu dakika mpaka iwe povu zito. Mimina kwenye glasi yenye barafu, jazia maji baridi, malizia na maziwa. Huhitaji umeme wala jiko.

Njia ya pili ni ya Wajapani, kwa kahawa ya unga halisi. Siri yao ni kuitoa kahawa ikiwa moto na nzito, kisha idondokee juu ya barafu papo hapo, harufu isikimbie. Weka kitambaa safi cha pamba kwenye chujio la chai, tia vijiko vitatu vya chakula vya kahawa. Chini weka jagi lenye barafu, kama kikombe kimoja. Chemsha maji kikombe kimoja kidogo, yaache yatulie nusu dakika, uyamimine polepole kwa kuzungusha. Barafu inayoyeyuka ndiyo maji yako yaliyobaki, kwa hiyo usiongeze mengine. Ukikosea hapo unapata maji ya kuoshea kikombe.

Njia ya tatu ni ya kwetu zaidi, kwa sababu hali ya hewa ya huku inatusaidia. Wa Dar lazima wawe na friji. Sisi Juni na Julai, usiku wa Mbeya ni friji tosha, na Mafinga ndiyo usiseme. Chukua kahawa iliyosagwa chenga chenga, isiwe unga laini. Kama umepata buni kutoka kijijini, kaanga kwa moto wa wastani huku unageuza bila kuacha mpaka zipasuke na kuwa kahawia iliyokolea, ziache zipoe, twanga kwenye kinu. Gramu 100 za kahawa kwa maji mililita 800 yaliyochemshwa yakapoa. Koroga, funika, acha saa 12 hadi 16 mahali pa baridi. Asubuhi chuja kwa kitambaa mara mbili. Unapata kahawa nzito isiyo na ule uchungu wa kukwaruza koo, unaizimua na maji au maziwa, nusu kwa nusu. Kwenye friji inakaa siku kadhaa. Kama huna friji, imalize siku hiyo hiyo.

Mambo matatu ya kuzingatia. Sukari haiyeyuki vizuri kwenye baridi, kwa hiyo tengeneza shira: sukari kikombe, maji kikombe, chemsha mpaka iyeyuke, weka kwenye chupa. Barafu igandishe kwa maji yaliyochemshwa, tumbo lako litashukuru. Na maziwa ya kupimiwa yachemshe kwanza, yapoe, ndiyo yaingie kwenye glasi.

Kwa nini nakuambia yote haya

Piga hesabu kwa bei za duka la mtaani kwako. Utaona glasi moja ya nyumbani ni sehemu ndogo sana ya bei ya mgahawani, na ukigawana na washkaji watatu ndiyo kabisa. Sisemi migahawa isipewe hela. Iringa pale kuna Neema Crafts, kituo kilichoanzishwa mwaka 2003 chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana ili kuwapa kazi watu wenye ulemavu. Mgahawa wake unahudumiwa na viziwi, unaagiza kwa ishara au kwa kuandika. Hiyo ni kahawa inayolisha mtu wa hapa hapa, nenda kalipe kwa moyo mmoja.

Ninachosema ni kwamba kahawa ikinywewa kwetu, inakaangwa kwetu, inasagwa kwetu, na kila hatua hapo ni ajira ya mtu. Wabrazili wanalima kuliko wote duniani na wanakunywa kwelikweli. Waethiopia wanabakiza nyumbani karibu nusu ya mavuno yao. Soko la nje likiyumba, mkulima wao ana pa kuegemea. Wa kwetu hana, na kizazi cha kumjengea pa kuegemea ni hiki chenye simu mkononi na geto la kupanga.

Kwa hiyo ukienda sokoni kununua kahawa ya unga, usiishie kwenye bei. Muulize muuzaji imetoka wapi. Akikujibu "Mbeya", ongeza swali moja: kijiji gani? Ukikipata, ndicho ukiandike kwenye picha yako ya glasi. Kilimanjaro tayari wana jina.