Korodani Ni Kiungo, Pumbu Ni Mfuko

Katika lugha ya afya ya Kinyarwanda, korodani huitwa udusabo tw'intanga ngabo, yaani vibuyu vidogo vya mbegu za kiume. Igisabo ni kibuyu cha kusukia maziwa. Ni jina la heshima, na mama wa Kigali anaweza kulitamka mbele ya daktari bila kuona haya. Kiswahili, kilichosikika katika mitaa ya Nyamirambo na Biryogo jijini Kigali tangu enzi za ukoloni na kukubaliwa na Bunge la Rwanda kuwa lugha rasmi mwaka 2017, kina maneno matatu: korodani, kende na pumbu. Katika mazungumzo watu huyachanganya, na mchanganyiko huo huweza kumdhuru mtoto.

Pumbu ni mfuko wa ngozi. Korodani ni tezi mbili zilizomo. Watu wa pwani wanaoijua busha wataelewa upesi: maji yamejaa ndani ya mfuko, uvimbe unaonekana, lakini mara nyingi korodani yenyewe haijavimba. Kwa baadhi ya watoto wachanga huwa kinyume chake. Pumbu lipo, korodani haimo.

Haimo kwa sababu haikuanzia pale. Kwenye wiki ya saba hivi ya mimba, jeni iitwayo SRY, iliyo kwenye kromosomu Y, huwa imekwisha kuamuru tezi changa ziwe korodani, na wakati huo zimo tumboni, karibu na figo. Kwa kawaida hushuka katika miezi mitatu ya mwisho ya mimba, zikipita kwenye mfereji wa kinena. Kati ya wavulana 100 waliozaliwa wametimiza miezi yao, kama 3 huwa na korodani isiyoshuka. Kwa watoto njiti hufika kama 30. Nyingi hushuka zenyewe katika miezi ya mwanzo. Baada ya miezi 6 matumaini hayo hupungua sana, na madaktari hushauri upasuaji wa kuiteremsha kabla mtoto hajapita miezi 18. Ikiachwa juu, uwezo wa kuzaa hupungua na hatari ya saratani ya korodani huongezeka. (Isichanganywe na korodani inayopanda na kushuka, ambayo huvutwa na msuli wake mtoto akihisi baridi au akishtuka, kisha ikarudi akiogeshwa maji ya uvuguvugu.)

Sababu ya safari yote hiyo ni joto. Mbegu hutengenezwa vizuri mahali penye nyuzi 2 hadi 4 chini ya joto la mwili, na pumbu hulegea au kujikunja ili kulinda kiwango hicho. Ndani ya korodani mna mirija myembamba iliyojikunja, ambayo ikinyooshwa na kuungwa hufika mamia ya mita. Kwenye kuta zake mna seli za Sertoli, alizozieleza Mwitaliano Enrico Sertoli mwaka 1865. Hizo ndizo zinazolea mbegu kwa siku 74 hivi. Baina ya mirija hiyo mna seli za Leydig, zinazotoa homoni ya testosteroni. Mbegu hupevukia kwenye epididimisi, mrija wa karibu mita 6 ulioshikana na mgongo wa korodani.

Mvulana anapobalehe, watu huangalia sauti na ndevu. Dalili ya kwanza hasa ni kukua kwa korodani, kwa kawaida kati ya miaka 9 na 14.

Kende liachwe kwa mazungumzo ya nyumbani. Kliniki inahitaji maneno mawili tu, kila moja na maana yake. Rwanda humpa mtoto chanjo ya surua akiwa na miezi 9, umri ambao korodani isiyoshuka bado inaweza kuteremshwa kwa wakati. Siku hiyo muuguzi anaweza kumuuliza mama: “Je, korodani zote mbili zimo ndani ya pumbu?”