Maktaba za programu: kwa nini sasisho moja linaweza kuacha simu yako nyuma

Simu ni nzima, chaji ipo, bando lipo. Unafungua programu ya benki ili uone kama malipo ya kahawa yameingia, nayo inakuambia isasishwe kwanza. Unaingia Play Store, na huko unaambiwa simu yako haiendani na toleo jipya. Maswali ya namna hii yanatufikia kutoka Bukoba mjini, Kamachumu, Nshamba hadi visiwani Goziba. Wengi hudhani simu imeharibika au mtandao unawahujumu. Mara nyingi sababu iko kwingine kabisa, katika kitu ambacho mtumiaji hakioni: maktaba za programu.

Maktaba ya programu ni nini

Fundi anayejenga nyumba Muleba hachimbi chuma akayeyusha ili apate misumari. Ananunua misumari, bati na bawaba zilizokwisha kutengenezwa na wengine, yeye anaunganisha. Mtengenezaji wa programu naye hufanya hivyo hivyo. Kazi zinazojirudia, kama kuchora vitufe kwenye kioo, kufunga mawasiliano kwa siri, kusoma tarehe au kuandika kumbukumbu za mfumo, tayari zimeandikwa na watu wengine na kuwekwa katika mafungu yanayoitwa maktaba. Programu moja ya simu inaweza kubeba maktaba nyingi, na kila maktaba nayo inaweza kutegemea nyingine.

Baadhi ya maktaba zinatoka kwa kampuni kubwa. Nyingine zinatunzwa na watu wachache wanaojitolea baada ya kazi zao za kila siku. Benki au kampuni ya simu inaitumia maktaba hiyo lakini haiimiliki. Mwenye maktaba akiibadilisha, anayeitumia hana budi kuamua: amfuate, au abaki na ya zamani.

Namba za toleo zinasema nini

Maktaba nyingi huandikwa namba tatu zilizotenganishwa kwa nukta, kwa mfano 2.17.1. Kwa utaratibu unaofuatwa na watengenezaji wengi, namba ya mwisho ikipanda, kasoro imerekebishwa tu. Namba ya katikati ikipanda, kuna jambo jipya limeongezwa bila kuvuruga yaliyokuwapo. Namba ya kwanza ikipanda, yaani kutoka 2 kwenda 3, mwenye maktaba anatoa tahadhari: kuna vitu vimeondolewa au vimebadilishwa, na programu iliyotegemea vitu hivyo inaweza kukwama.

Madereva wa bodaboda watatuelewa haraka. Ukibadilisha cheni kwa nyingine ya saizi ile ile, unafunga na kuondoka. Ukileta cheni ya saizi tofauti, meno ya sproketi hayaingii. Itabidi ubadilishe sproketi ya mbele na ya nyuma, na pengine fundi agundue kwamba kuna kingine kinachogusana. Hakuna aliyeharibu pikipiki. Vipuri ndivyo haviendani. Toleo kubwa la maktaba ni cheni ya saizi mpya.

Mfano wa Android

Kwa miaka mingi watengenezaji wa programu za Android walitumia maktaba za msaada kutoka Google, ambazo ziliwezesha programu moja kufanya kazi kwenye simu mpya na za zamani. Mwaka 2018 Google ilitangaza kwamba maktaba hizo zinahamia katika familia mpya inayoitwa AndroidX. Toleo la 28 likawa la mwisho la zile za zamani.

Badiliko kubwa lilikuwa la majina. Kila mahali ndani ya programu palipotajwa jina la zamani palitakiwa kuandikwa jipya. Katika programu kubwa, mahali hapo ni maelfu. Tatizo la pili lilikuwa gumu zaidi: programu ilikuwa na maktaba za watu wengine ambazo nazo zilikuwa bado zinaita majina ya zamani. Google ikatoa kifaa cha kutafsiri majina hayo wakati programu inapojengwa, ili mtengenezaji asisubiri kila mtu ahame.

Kisha kuna suala linalogusa simu yako moja kwa moja. Kila maktaba hutaja Android ya chini kabisa inayoweza kuitumia. Kuanzia Oktoba 2023, matoleo mapya ya maktaba za AndroidX kwa kawaida yalianza kudai angalau Android 4.4. Kuanzia Juni 2024 yakadai angalau Android 5.0. Mtengenezaji wa programu anayetaka toleo jipya la maktaba analazimika kupandisha kiwango cha programu yake pia. Simu iliyo chini ya kiwango hicho haipewi tena toleo jipya na Play Store. Programu uliyokuwa nayo haifutiki. Inaendelea kufanya kazi mpaka siku mwenye huduma atakapofunga mlango kwa matoleo ya zamani. Siku hiyo ndipo unapoona ujumbe wa "sasisha" usiotekelezeka.

Kwa nini wasibaki na toleo la zamani

Ni swali la haki, hasa kwa mtu aliyenunua simu yake kwa fedha za msimu mzima. Jibu ni usalama. Mwenye maktaba hawezi kutunza matoleo yote milele. Anatangaza tarehe ya kuacha kulihudumia toleo fulani, na baada ya hapo kasoro ikigundulika, hairekebishwi bure kwa kila mtu. Mfano ni OpenSSL, maktaba ya kufunga mawasiliano ya intaneti kwa siri, inayotumika katika seva nyingi duniani. Toleo la 3.0 lilitoka Septemba 2021, na huduma ya kawaida kwa toleo la 1.1.1 ikakoma Septemba 2023. Waliokuwa na mifumo juu ya 1.1.1 walikuwa na miaka miwili ya kujipanga.

Hatari ya kuchelewa ilionekana Desemba 2021. Maktaba inayoitwa Log4j, ya kuandika kumbukumbu za mifumo iliyotengenezwa kwa lugha ya Java, ilikutwa na tundu kubwa: mtu angeweza kutuma maneno fulani tu, na seva ikaanza kutii amri zake. Maktaba hiyo inatunzwa na watu wa kujitolea chini ya taasisi ya Apache, lakini ilikuwa ndani ya mifumo ya kampuni na serikali duniani kote. Ndani ya mwezi huo huo matoleo ya 2.15, 2.16 na 2.17 yalitoka mfululizo, kwa sababu kila rekebisho liliacha ufa mwingine uliohitaji kuzibwa.

Mifumo tunayoitegemea hapa nyumbani haikuwa mbali na tukio hilo. Takwimu za zahanati ya kijiji chako, zinazojazwa katika vitabu vya MTUHA, huingizwa kwenye mfumo wa DHIS2, uliobuniwa chini ya Chuo Kikuu cha Oslo, Norwei, na ambao Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimeshiriki kwa miaka mingi kuukuza hapa nchini. DHIS2 imeandikwa kwa Java, na watengenezaji wake nao walitoa matoleo yenye marekebisho ya Log4j.

Katika tukio hilo, aliyekuwa tayari kwenye Log4j 2 alihitaji hatua ndogo. Aliyebaki kwenye Log4j 1, iliyoacha kuhudumiwa tangu Agosti 2015, hakuguswa na tundu lile kwa namna ile ile, lakini alikuwa na matundu mengine yasiyozibwa, na kutoka hapo kulimtaka aruke toleo kubwa zima. Deni la matengenezo halifutiki kwa kulinyamazia.

Kazi yenyewe inavyofanywa

Wataalamu wanaofanya kazi hii kwa uangalifu hufuata hatua hizi:

1. Wanasoma maelezo ya toleo jipya, kuona kilichoondolewa, kilichobadilishwa jina na kinachochukua nafasi yake.
2. Wanahakikisha majaribio ya programu yao yanapita yote kwenye toleo la zamani. Bila hapo, hutajua kilichoharibika kimeharibiwa na nini.
3. Wanapanda ngazi kwa ngazi. Aliye toleo la 1 anayetaka la 4 mara nyingi hupita la 2 na la 3 kwanza.
4. Wanabadilisha maktaba moja kwa wakati, tena kwenye nakala ya majaribio, si kwenye mfumo unaotumiwa na wateja.
5. Wanawapa watu wachache kwanza, wanaangalia, kisha wanaongeza idadi.
6. Wanaweka njia ya kurudi nyuma endapo mambo yataharibika.

Hatua ya tano inaeleza jambo linalowashangaza wengi: jirani yako amepata sura mpya ya programu, wewe bado, ingawa simu zenu zinafanana.

Wewe ufanye nini

Jua Android yako. Ingia Mipangilio, kisha Kuhusu simu, tafuta palipoandikwa toleo la Android. Ikiwa inaanza na 4, programu nyingi zimekwisha kuiacha, WhatsApp ikiwemo. Unaponunua simu iliyotumika, angalia hapo kabla ya kutoa fedha. Simu inaweza kung'aa kama mpya huku Android yake ni ya miaka kumi iliyopita.

Sasisha kupitia Play Store pekee. Usipakue faili la "toleo jipya la benki" lililotumwa kwenye kundi la WhatsApp, hata kama aliyetuma ni ndugu. Wezi wanajua watu wamechoka kuambiwa simu zao haziendani, wakapenyeza humo programu za kuiba namba za siri. Ujumbe au namba ya kitapeli itume kwenda 15040.

Panga bando. Ndani ya mipangilio ya Play Store unaweza kuzuia masasisho yasijipakue kwa bando lako. Ukifanya hivyo, kumbuka kusasisha mwenyewe: anza na programu za fedha, kisha za mawasiliano. Walio visiwani wanaweza kulifanya siku wanapofika Bukoba au Muleba mjini, mtandao unapokuwa imara.

Usingoje siku ya malipo. Fungua programu zako za fedha mara moja moja kabla ya msimu. Ni bora kugundua mlango umefungwa mwezi Aprili kuliko siku mwanao anasubiri ada ya shule.

Kumbuka njia ya menyu. Huduma za fedha kwa kubonyeza nyota na reli, kama *150*00# ya M-Pesa na *150*60# ya Airtel Money, hazitegemei toleo la Android wala bando. Zinafanya kazi hata kwenye kitochi. Programu ikigoma, fedha zako hazijapotea. Ziko kwenye akaunti, si ndani ya simu.

Ukihamia simu nyingine, hifadhi kwanza namba na mazungumzo yako. Programu za benki nyingi zitataka ujisajili upya kwenye simu mpya. Fanya hivyo mwenyewe, au nenda tawini au kwa wakala. Namba ya siri usimtajie mtu, hata fundi wa simu unayemwamini.

Na ikiwa unaongoza chama cha msingi, shule au kikundi cha kuweka na kukopa kilichotengenezewa mfumo wa kompyuta, muulize aliyeutengeneza maswali matatu kabla ya kusaini mkataba: unatumia maktaba zipi, nani atazipandisha matoleo baada ya wewe kuondoka, na gharama hiyo imo ndani ya bei? Akisema mfumo ukishakamilika hauhitaji tena kuguswa, tafuta fundi mwingine. Mfumo ni kama shamba la migomba: usipopunguza machipukizi na kuweka mbolea, mavuno yatapungua kidogo kidogo, na siku utakaposhtuka kazi itakuwa kubwa kuliko kupanda upya.