Besiboli: Akiba Hujengwa na Wanaoanza

Mashabiki wa besiboli nchini Marekani wanapopima nguvu ya timu yao, hesabu huwa mbili: nani ataanza kurusha mpira, na nani wako akiba wa kumpokea akichoka. Mchezo mzima una awamu 9, na kwa miaka ya karibuni wengi wameamini kwamba ubingwa umelala kwenye hesabu ya pili. Historia ya mchezo wenyewe haikubaliani nao. Akiba imara ni zao la waanzaji wanaodumu uwanjani, na timu zilizolisahau hilo zimelipia mwezi Oktoba, wakati wa mechi za mtoano.

Zamani suala hili halikuwepo kabisa, kwa sababu aliyeanza ndiye aliyemaliza. Cy Young, aliyecheza kuanzia 1890 hadi 1911, alimaliza mwenyewe mechi 749 na kushinda 511, rekodi ambazo hakuna atakayezigusa. Hata mwaka 1968 Bob Gibson wa St. Louis alianza mechi 34 na kumaliza 28, tena kwa ubora uliochangia wakubwa wa ligi kushusha kilima cha mrushaji kutoka inchi 15 hadi 10 msimu uliofuata. Mwaka huohuo wa 1969 ligi ilianza kuhesabu rasmi mechi zilizookolewa na warushaji wa akiba, takwimu iliyobuniwa na mwandishi wa habari wa Chicago, Jerome Holtzman. Kilichohesabiwa kikaanza kulipwa, na kilicholipwa kikageuka kazi kamili. Kufikia 1988 kocha Tony La Russa wa Oakland alikuwa akimtunza Dennis Eckersley kwa ajili ya awamu ya mwisho tu, na timu nyingine zikamfuata. Leo timu zote 30 za ligi kuu kwa pamoja hazifikishi mechi 40 kwa msimu ambazo mwanzaji amezimaliza mwenyewe.

Wanaotetea mabadiliko haya wana hoja nzito, na haifai kuipuuza. Takwimu za miaka mingi zinaonyesha kwamba mpigaji akikutana na mrushaji yuleyule mara ya tatu katika mechi moja, humpiga vizuri zaidi kuliko mara ya kwanza, maana ameshazoea mwendo wa mpira wake. Lakini hoja ya wastani ikigeuzwa amri, inaua. Mchezo wa 6 wa fainali ya 2020 unatosha kuwa ushahidi. Blake Snell wa Tampa Bay alikuwa amerusha mipira 73 tu, amewatoa kwa kuwakosesha mpira wapigaji 9 wa Dodgers, na timu yake inaongoza 1-0. Mbele yake walikuwa wanarudi Mookie Betts, Corey Seager na Justin Turner, ambao kila mmoja alikuwa ameshashindwa naye mara mbili siku ileile. Kocha Kevin Cash akamtoa katika awamu ya 6. Akaingia Nick Anderson, aliyekuwa akiruhusu pointi mechi baada ya mechi katika mtoano ule kwa sababu mkono ulikuwa umechoka. Betts akampiga mara moja, dakika chache baadaye Dodgers wakawa mbele, na usiku ukaisha 3-1 wakiwa mabingwa. Tatizo halikuwa Anderson. Akiba inayoitwa kila siku hufika fainali ikiwa imeisha.

Wapo watakaoitaja Kansas City, mabingwa wa 2015, waliosifiwa kwa akiba yao kuliko kitu kingine chochote. Ni kweli, ila husahaulika kwamba katika mchezo wa 2 wa fainali ile Johnny Cueto alirusha awamu zote 9 na kuwapa wenzake wote mapumziko. Ushahidi mgumu zaidi dhidi yangu ni Dodgers wa 2024, ambao majeruhi waliwalazimisha kupanga warushaji 8 katika mechi moja dhidi ya San Diego. Wakashinda 8-0, kisha wakatwaa ubingwa. Sasa tazama walichofanya wiki chache baadaye: walimsajili Snell yuleyule kwa dola milioni 182. Timu iliyoshinda kwa akiba haikutaka kurudia njia hiyo.

Hoja ya majeraha nayo haitoshi. Viwiko vya warushaji vinaumia kwa wingi, na upasuaji ambao daktari Frank Jobe aliufanya kwa mara ya kwanza mwaka 1974 kwa Tommy John sasa ni jambo la kawaida. Lakini vinavyoumia ni pamoja na vya warushaji wa akiba, wanaotakiwa kurusha kwa nguvu zote kila wanapoingia. Kupunguza awamu za mwanzaji hakuondoi mzigo; kunauhamishia kwenye mikono mingine.

Oktoba 2025 Dodgers walirudi na akiba dhaifu na waanzaji hodari. Yoshinobu Yamamoto alimaliza mechi mbili mfululizo peke yake, akashinda mchezo wa 6 wa fainali dhidi ya Toronto, na kesho yake akaingia tena kufunga mchezo wa 7. Anayetaka kupima timu yake msimu ujao aanze kwa kuhesabu awamu ambazo waanzaji wake wanaweza kubeba, ndipo aulize nani yuko akiba.